UZI: Faida yako inaliwa wapi? Makato, kodi na mfumuko wa bei kwa mwekezaji wa muda mrefu

MlinziWaAkiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Kila ukifunguliwa mjadala wa uwekezaji, swali la kwanza huwa ni lile lile: wapi wanatoa asilimia kubwa? Watu wanashindana kutaja namba, huyu 12, yule 15, mwingine 20, na mjadala unaishia hapo. Namba inayotangazwa haijawahi kumjengea mtu nyumba wala kumsomeshea mtoto. Kinachojenga ni kile kinachobaki mkononi baada ya msimamizi wa mfuko kuchukua ada yake, serikali kuchukua kodi yake, na bei za vitu kupanda. Uzi huu ni wa hesabu hiyo tu. Sitawaambia mnunue hisa ya kampuni gani.

Nianze na kodi, kwa sababu ndiyo inayoongelewa kidogo kuliko vyote.

Chukua watu wawili, kila mmoja ana milioni 10. Fedha ya nchi yoyote, jina lake halibadilishi hesabu. Wote wanapata asilimia 10 kwa mwaka, na wote wanatozwa kodi ya asilimia 20 kwenye faida. Tofauti yao ni moja tu, nayo ni lini kodi inakatwa.

Wa kwanza ameweka mahali ambapo faida inalipwa kila mwaka na kodi inakatwa hapo hapo. Kwa hiyo kila mwaka fedha yake inakua kwa asilimia 8. Baada ya miaka 30 ana takriban milioni 100.6.

Wa pili ameweka mahali ambapo faida inabaki ndani ikizaa, na kodi haimgusi mpaka siku atakapouza. Fedha yake inakua kwa asilimia 10 kamili. Baada ya miaka 30 imefika takriban milioni 174.5. Siku hiyo anauza, analipa asilimia 20 ya faida yote, yaani milioni 32.9 hivi, na anaondoka na milioni 141.6.

Kiwango cha kodi kile kile, faida ile ile, lakini kuna pengo la milioni 41. Sasa nendeni hatua moja mbele mkajumlishe kodi aliyolipa yule wa kwanza kwa miaka yote 30. Inafika milioni 22.7 hivi. Yaani wa pili ameilipa serikali zaidi, na bado amebaki na zaidi. Hakuna aliyedhulumiwa. Kodi iliyocheleweshwa ilibaki ndani ya mfuko ikizaa kwa ajili ya wote wawili, mwenye mali na hazina ya taifa.

Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba kupanga kodi ni sehemu ya uwekezaji wenyewe. Siyo kazi ya kumpelekea mhasibu mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha.

Kivitendo, riba ya akaunti ya benki mara nyingi hukatwa kodi ya zuio kabla hujaiona. Gawio la hisa, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni inawalipa wenye hisa, nalo hukatwa likilipwa. Lakini ongezeko la bei ya hisa au kipande cha mfuko wa pamoja, katika nchi nyingi zinazolitoza, hutozwa pale tu unapouza. Zipo nchi zisizotoza kabisa ongezeko la kawaida la mtaji, Singapore ikiwa mfano unaojulikana. Kwa hiyo mtu anayenunua na kutulia anajipatia mwenyewe ule ucheleweshaji niliouonyesha hapo juu, bila kuomba kibali kwa yeyote. Anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa anaivunja hesabu hiyo kila wiki, na juu yake analipa kamisheni ya dalali. Marekani wameiweka wazi kwenye sheria: mali uliyoishika zaidi ya mwaka mmoja hutozwa kwa viwango vya chini kuliko uliyoishika mwaka mmoja au pungufu.

Twende kwenye ada. Hapa sitakaa sana kwa sababu hesabu inajieleza. Milioni 10, asilimia 7 kwa mwaka, miaka 30. Bila ada yoyote unafika milioni 76. Kwa ada ya asilimia 0.2 unafika milioni 72. Kwa ada ya asilimia 2 unafika milioni 43. Asilimia 2 inasikika ndogo kwa sababu watu wanailinganisha na mtaji wote. Ilinganishe na faida: ukipata 7 na mtu akachukua 2, amechukua zaidi ya robo ya mavuno yako, na anachukua hata mwaka ambao umepata hasara.

Ndiyo maana lile alilofanya John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ya Marekani, mwaka 1976 lilikuwa jambo kubwa. Alifungua kwa watu wa kawaida mfuko unaonunua hisa zote za fahirisi moja (orodha ya hisa inayotumika kupima soko), S&P 500 ya kampuni kubwa za Marekani, bila msimamizi wa kuchagua chagua, kwa ada ndogo. Walitarajia kukusanya dola milioni 150 wakapata milioni 11 na ushee, na wakubwa wa soko wakauita upuuzi wa Bogle. Leo mifuko ya namna hiyo inashika matrilioni ya dola.

Mwisho, mfumuko wa bei. Umeweka kwenye amana inayolipa asilimia 9. Kodi ya zuio asilimia 15, unabaki na 7.65. Bei zimepanda kwa asilimia 6. Uwezo wako wa kununua umeongezeka kwa takriban asilimia 1.6. Bei zikipanda kwa 8, umepungukiwa, na bado umelipa kodi kwa faida ambayo sehemu yake kubwa kwa kweli haikuwepo. Kodi inahesabu namba iliyoandikwa kwenye taarifa ya akaunti. Haiulizi namba hiyo inanunua nini sokoni.

Karibuni tujadili. Mwenye nyama ya kuongeza aongeze.

---

Nuru_Njema

Mkuu asante kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Ila hiyo asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 30 nani anaipata? Mimi naona hisa zinapanda na kushuka kama pumzi. Nahofia mtu akisoma hapa ataenda kuweka kila alicho nacho akitegemea mstari ulionyooka.

---

MlinziWaAkiba

Nuru, umeuliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa, nashukuru. Asilimia 10 nimeitumia ili hesabu isomeke kirahisi, haina maana kwamba mtu ameiahidi. Soko la hisa halilipi kwa mstari ulionyooka hata siku moja.

Wanaofuatilia historia wanajua fahirisi ya Dow Jones ya Marekani ilifika 381 Septemba 1929, ikaporomoka mpaka 41 Julai 1932. Ilirudi kwenye kilele chake mwaka 1954. Tokyo nako, fahirisi ya huko iitwayo Nikkei ilifunga mwaka 1989 ikiwa juu ya 38,900, na haikuvuka kiwango hicho mpaka Februari 2024. Zaidi ya miaka 34. Japani haikuwa nchi masikini wala haikuwa na vita. Watu walikuwa wamenunua kwa bei ambayo faida za kampuni zisingeweza kuibeba.

Nayachukua mambo mawili hapo. Kwanza, usiweke mali yako yote kwenye soko la nchi moja, hata iwe nchi yako unayoipenda. Pili, namba hizo ni za mtu aliyeweka mzigo wote siku moja, kileleni, na hazihesabu gawio. Aliyekuwa anaweka kidogo kidogo kila mwezi alinunua pia miaka ya bei za chini, na hali yake ilikuwa tofauti kabisa.

Halafu kuna hesabu ya kushuka ambayo wengi hawaioni mpaka iwakute. Ukipoteza asilimia 50, unahitaji kupata asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza 20, unahitaji 25. Kwa hiyo fedha unayoihitaji ndani ya miaka mitatu minne, ya ada ya shule au ya kumalizia ujenzi, haina kazi kwenye hisa. Iache kwenye amana au hatifungani za muda mfupi hata kama kodi inaimega.

---

Bint_Hesabu

Kaka, naomba kuuliza na samahani kama swali ni dogo. Kazini kwetu kuna dada amekataa nyongeza ya mshahara kwa sababu itampandisha ngazi ya kodi na atapokea pungufu kuliko sasa. Ni kweli inaweza kutokea? Maana na mimi napewa nyongeza mwaka huu, na nilitaka hiyo ndiyo iwe ya kuwekeza.

---

MlinziWaAkiba

Dada, swali si dogo hata kidogo, na nyongeza hiyo ipokee.

Kwenye mfumo wa ngazi, kiwango cha juu kinagusa ile sehemu ya kipato iliyovuka mpaka tu. Hakirudi nyuma kutoza kipato chote. Tuseme 1,000 ya kwanza haina kodi, 1,000 inayofuata inatozwa asilimia 10, na kinachozidi 2,000 kinatozwa 30. Dada huyo anapata 2,000, analipa 100, anabaki na 1,900. Akiongezwa 100, ni ile 100 tu inayotozwa 30. Anabaki na 1,970. Ameongezeka 70, hajapungua.

Pale inapoweza kuuma ni kama kuna ruzuku au unafuu unaofutika wote ukivuka kipato fulani. Hapo aangalie masharti ya unafuu wenyewe. Ngazi za kodi peke yake haziwezi kumrudisha nyuma.

Na ngazi hizo ndizo zinazokusaidia kujua kitu kimoja muhimu kwa uwekezaji wako: sehemu ya juu kabisa ya kipato chako inatozwa asilimia ngapi? Hiyo ndiyo namba ya kutumia unapopima mchango wa pensheni wenye unafuu wa kodi. Wastani wa kodi unayolipa kwa mwaka mzima haukusaidii hapo.

---

Mhasibu_Mtaani

Mkuu MlinziWaAkiba nakuunga mkono kwa asilimia kubwa. Naomba niongeze nyama upande wa kumbukumbu, maana ndiko ninakowaona watu wakilipa kodi mara mbili kwa mikono yao wenyewe.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye hisa na vipande inapotea hivi. Mtu amenunua kwa 1,000,000. Kila mwaka anapata gawio, kodi inakatwa, kinachobaki anakirudisha ndani kununua vipande zaidi. Kwa miaka kadhaa amerudisha jumla ya 400,000. Siku anauza kwa 2,000,000. Akifika kwenye ritani, yaani fomu ya kutangaza kipato kwa mamlaka ya kodi, anaandika: nimenunua milioni moja, nimeuza milioni mbili, faida milioni moja.

Hapana. Ile 400,000 ilishatozwa kodi, na ilikuwa ni manunuzi mapya kama manunuzi mengine yoyote. Gharama yake halisi ni 1,400,000. Faida ni 600,000. Ukiongeza na kamisheni ya dalali alipokuwa ananunua na alipokuwa anauza, pale sheria inaporuhusu, faida inashuka zaidi. Lakini bila karatasi, afisa wa kodi hana sababu ya kuamini maneno yako.

Kwa hiyo fungua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu hizi: tarehe, jina la hisa au mfuko, idadi, bei ya kila moja, kamisheni, kodi iliyokatwa, na namba ya hati. Kila gawio lililorudishwa ndani liandike kama ununuzi unaojitegemea. Taarifa za dalali zipakue kila mwaka uzihifadhi kwako, kwa sababu kampuni huungana, hufungwa, hubadilisha mifumo. Na nyumba pia: risiti za matengenezo makubwa, kuongeza chumba, kubadilisha paa, katika nchi nyingi zinaongeza gharama ya mali na kupunguza faida inayotozwa siku ya kuuza. Nimewaona watu wana nyumba ya miaka 20 bila risiti hata moja.

Na cheti cha kodi ya zuio kiombeni. Pale ambapo kodi hiyo ni malipo ya awali na siyo ya mwisho, bila cheti huwezi kuidai iondolewe kwenye deni lako.

---

MlinziWaAkiba

Mhasibu, hapa umefanya kazi kubwa. Wasomaji, chapisho hili la mhasibu nakilini mweke pembeni, lina fedha ndani yake.

---

Kaka_Mkubwa

Mimi niseme ukweli. Haya yote ya kuhesabu kodi ni kujichosha. Wenye fedha nyingi hawalipi, wanazihamishia visiwani huko nje na maisha yanaendelea. Kwa nini sisi wadogo ndio tubebe mzigo? Mwenye akili anaficha.

---

MlinziWaAkiba

Kaka, uchungu wako nauelewa, na kuhusu wakubwa kukwepa hujasema uongo. Nyaraka za Panama za mwaka 2016, zaidi ya milioni 11 kutoka kampuni moja ya mawakili, ziliwaonyesha wengi. Lakini ushauri wenyewe naukataa, na nitakwambia kwa nini.

Kupanga kodi ni kutumia njia ambazo sheria yenyewe imeziweka: kuchelewesha kuuza, kutumia akaunti zenye msamaha, kudai gharama halali, kufidia faida kwa hasara. Kukwepa ni kuficha kipato au kusema uongo kwenye ritani. La kwanza unaweza kulieleza mbele ya afisa yeyote ukiwa umekaa wima. La pili ni jinai. Al Capone, jambazi maarufu wa Chicago, pamoja na yote aliyokuwa akishutumiwa, kilichomfunga mwaka 1931 kilikuwa kodi ya mapato. Alipewa miaka 11.

Na huko nje kwenyewe kumebadilika. Mwaka 2014 OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, ilipitisha utaratibu wa nchi kupeana taarifa za akaunti za fedha moja kwa moja, na taarifa zikaanza kubadilishwa mwaka 2017. Sasa nchi na maeneo zaidi ya 100 yamo, vikiwemo visiwa vingi vilivyokuwa vinajulikana kwa kuficha. Benki inakuuliza wewe ni mkaazi wa kodi wa wapi, kisha jina lako na salio vinapitia mamlaka ya kodi ya huko mpaka ya kwenu, kama nchi yenu imo.

Halafu kuna jambo la kiuwekezaji tupu. Fedha iliyofichwa haifanyi kazi vizuri. Huwezi kuiweka dhamana benki, huwezi kununulia kiwanja bila kuulizwa imetoka wapi, huwezi kuirithisha bila kuwaachia watoto kesi. Na aliyekufichia akikugeuka, utamshitaki wapi? Mimi nataka mali ambayo mke wangu na wanangu wanaweza kuidai mchana kweupe mahakamani na wakapewa.

---

MsomajiKimya

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeona nichangie kwa kuuliza. Mwajiri wetu ametupa chaguo: mchango wa pensheni ukatwe kabla ya kodi halafu nitozwe nikistaafu, au nichangie fedha iliyokwishatozwa na nisitozwe tena nikichukua. Wenzangu wanagombana. Ipi bora?

---

MlinziWaAkiba

Karibu sana, ndugu. Wenzako wanagombania kitu ambacho, kiwango cha kodi kikiwa kile kile, kinatoa jibu moja.

Una 100. Kodi ni asilimia 30. Miaka ikipita fedha inakua mara 4.

Ukilipa kodi mwanzoni: 100 inabaki 70, inakua mara 4, inakuwa 280. Huna deni.
Ukilipa kodi mwishoni: 100 yote inaingia, inakuwa 400, inakatwa 30 kwa mia, inabaki 280.

Ni kuzidisha tu, na kuzidisha hakujali kipi kimetangulia. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: kiwango chako cha kodi leo ni kikubwa au kidogo kuliko kitakavyokuwa siku ya kuchukua? Kijana anayeanza kazi, yuko ngazi ya chini, na anatarajia kupanda, alipe sasa. Mtu aliye kileleni mwa mshahara, akijua kipato cha uzeeni kitashuka, acheleweshe. Asiyejua anaweza kugawanya nusu kwa nusu, na sioni kosa lolote kwenye hilo.

Nchi nyingi zina vyombo vya aina zote mbili. Marekani, kifungu cha 401(k), cha pensheni za kazini, kilitokana na sheria ya mwaka 1978 na kimezoeleka kwa kuchelewesha kodi, wakati Roth IRA, akaunti ya mtu binafsi ya kustaafu, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1997 inatoza mwanzoni. Uingereza wana akaunti ya akiba iitwayo ISA tangu Aprili 1999: unaweka fedha iliyokwishatozwa, kisha riba, gawio na ongezeko la mtaji vyote ndani yake havitozwi.

Lipo pia jambo la mwajiri kuchangia. Kama anaongeza chochote juu ya mchango wako, chukua kile chote anachotoa kabla hujafikiria kitu kingine. Hakuna hatifungani itakayokupa hicho siku ya kwanza.

Ila tazama masharti ya kutoa. Unafuu wa kodi karibu kila mara unakuja na kufuli. Ukivunja kabla ya umri uliowekwa, unaweza kulipa kodi na faini juu. Ndiyo maana akiba ya dharura inakaa nje ya pensheni.

---

Tumaini2

Mkuu, kuna kampuni inawapa watu asilimia 15 kwa mwezi, na wanasema wameshamaliza mambo ya kodi kwa niaba yetu. Shemeji yangu ameshalipwa mara kadhaa, nimeona kwa macho. Hapo napo utasema mfumuko wa bei?

---

MlinziWaAkiba

Tumaini, tafadhali usiingize fedha huko kabla ya kumaliza kusoma hapa.

Asilimia 15 kwa mwezi, ikirudishwa ndani, ni mara 5.35 kwa mwaka. Milioni moja inakuwa milioni 5.35 baada ya mwaka mmoja, na zaidi ya milioni 28 baada ya miwili. Mtu mwenye biashara halali ya namna hiyo angekopa benki, asingekuja kukuomba wewe na shemeji.

Kulipwa kwa shemeji hakuthibitishi kitu. Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 alikuwa akiahidi asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo walilipwa kweli, kwa fedha za waliofuata. Malipo hayo ndiyo tangazo lake. Na wala usidhani utapeli wote una namba za ajabu. Bernard Madoff, aliyekamatwa Desemba 2008, alionyesha faida ya wastani tu, lakini ilikuwa tulivu mno, karibu kila mwezi inapanda, soko likipanda au likishuka. Utulivu huo ndio uliotakiwa kuwashtua watu.

Na hilo la kumaliza kodi kwa niaba yenu: waombe cheti cha kodi ya zuio chenye jina la shemeji, kisha akathibitishe mamlaka ya mapato. Waombe pia namba ya leseni, mkaihakiki kwa msimamizi wa masoko ya mitaji, siyo kwenye tovuti yao. Nakuomba pia uzungumze na shemeji atoe kwanza kiasi alichoweka, wakati bado wanalipa.

---

Bint_Hesabu

Kaka, moja la mwisho. Nataka kununua mfuko wa hisa za Marekani kupitia programu ya simu. Kodi ya huko inanihusu mimi nisiye raia wala mkaazi wa huko?

---

MlinziWaAkiba

Inakuhusu, dada, kwa njia mbili.

Gawio la kampuni ya Marekani kwa mtu asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 kwenye chanzo, isipokuwa nchi yako ina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili unaoipunguza. Dalali atakupa fomu iitwayo W-8BEN. Ijaze kwa ukweli, kwa kuwa ndiyo inayokutambulisha kama mgeni na kukupa haki ya mkataba kama upo. Ongezeko la bei ukiuza hisa, kwa kawaida, hawamtozi asiye mkaazi. Nchi yako inaweza kukutoza.

Njia ya pili ndiyo wengi hawaijui: kodi ya mirathi. Asiye raia wala mkaazi akifariki akiwa na hisa za kampuni za Marekani zinazozidi dola 60,000, kinachozidi kinaweza kutozwa mpaka asilimia 40, hata kama dalali wake yuko nchi nyingine. Ndiyo maana wawekezaji wengi wa nje hununua mifuko inayofuata fahirisi ile ile lakini iliyosajiliwa Ireland. Mfuko wenyewe hukatwa asilimia 15 kwenye gawio la Marekani kwa mujibu wa mkataba wa nchi hizo mbili, na kipande chako hakihesabiwi kuwa mali iliyoko Marekani. Kwa fedha ndogo ya kuanzia hilo la mirathi halikuumi leo. Lakini kwa kuwa unapanga miaka mingi, ni rahisi zaidi kuanza kwenye chombo sahihi kuliko kuuza baadaye ili uhame, ukalipa kodi ya faida hiyo nchini kwako.

---

Nuru_Njema

Mkuu, mimi nina mkopo wa mwaka mmoja wa "asilimia 12". Niendelee nao huku nawekeza, au niumalize kwanza?

---

MlinziWaAkiba

Nuru, kumaliza mkopo ni uwekezaji ambao faida yake haitozwi kodi. Chukua mfano: ukilipa deni la asilimia 18, umepata 18 safi. Ili uwekezaji unaotozwa kodi ya 15 kwa mia ukupe hiyo 18 mkononi, uwekezaji huo unatakiwa utoe zaidi ya asilimia 21, kila mwaka, bila kuyumba. Sijui uwekezaji halali unaoahidi hivyo.

Kwako wewe kwanza tazama mkataba: hiyo 12 inahesabiwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza? Kama ulikopa 1,200,000 na unarudisha 112,000 kila mwezi kwa miezi 12, riba ni 144,000. Lakini hukuwa na ile 1,200,000 mwaka mzima, ulikuwa unairudisha kila mwezi, wastani wa deni ni kama 650,000 tu. Riba yako ya kweli iko kati ya asilimia 21 na 22, na jibu ni umalize kwanza. Angalia pia kifungu cha kulipa mapema, kama kuna adhabu na kama riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Kiandike hapa jinsi kilivyo, tukipigie hesabu pamoja.